Mboga Isiyo na Mbegu

Elisabethville, tarehe 13 Novemba 1955

Kwa Mama mukwe Kunda, Mitwaba,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa hapo kijijini kwenu. Sisi huku tuko wazima. Ninaandika "sisi" kwa mazoea. Niko peke yangu, lakini mzima.

Mvua imeanza juzi. Bati la nyumba linavuja mahali pale pale, juu ya meza. Delphine alikuwa anaweka sufuria ndogo hapo, na mimi naendelea kuiweka.

Kwanza uniwie radhi kwa kukuandikia wewe mwenyewe. Wewe ni mama wa mke wangu, na kinywa changu hakijawahi kusema na kinywa chako. Katika miaka tisa ya ndoa nimeuona uso wako mara mbili, na mara zote mbili nilipinda njia kama inavyotakiwa. Hata kwenye kilio cha Delphine, mwezi wa pili, wewe ulikaa nyuma ya nyumba na mimi mbele, na mtoto wetu Mado, mjukuu wako anayekuita Kambo, ndiye aliyebeba maneno. "Baba anauliza kama Kambo amekula." "Kambo anasema amekula." Alikuwa na miaka mitano. Alichoka akalala katikati, kwenye kizingiti. Halafu ukaondoka naye kwenda Mitwaba, na mimi sikusema neno, kwa sababu aliyekuwa anabeba maneno ndiye aliyekuwa anaondoka.

Katekista wenu Alphonse alipofika huku kwa mkutano wa wakatekista, nilimuuliza kama barua ni kinywa. Alicheka. "Karatasi haioni haya, mwalimu. Andika, mimi nitamsomea." Basi ninaandika.

Wamenihamisha shule, nyumba ni ile ile. Sasa ninafundisha hapa hapa Ruashi, ambako watu wanajenga nyumba mpya kila mahali, wanafyatua matofali wenyewe jioni wakitoka kazini. Masomo yetu, shule hii ya misheni, yana kalasi mbili tu, wavulana na wasichana pamoja. Saa sita watoto wanakaa kivulini mwa ukuta wakisubiri kengele ya mchana. Baba yuko kazini, mama yuko sokoni, nyumbani hakuna kitu juu ya moto. Wengine wanalala. Nilifikiri ni uvivu, kumbe ni njaa.

Mwezi uliopita bwana inspekta alipita akasema kila masomo yawe na shamba lake, na watoto walime. Alituachia mbegu za karoti, za kabeji wanazoziita shu, na za saladi. Tumebomoa kichuguu kimoja kikubwa, udongo wake ni mzuri kuliko huu mwekundu. Ninataka shamba hilo liwape watoto chakula cha saa sita. Kila mmoja ataleta konzi ya unga wa kusonga bukari, mboga itatoka hapo.

Ninayaeleza haya kwa sababu kuna jambo ninaloliomba. Mado ana miaka sita sasa. Mwezi wa tisa ujao anaweza kuanza kalasi ya kwanza kwangu. Ninamwomba arudi.

Na jambo lingine dogo. Delphine alikuwa anapika mboga moja nyeusi na karanga za kutwanga. Aliiita "mboga ya mama". Alikuwa anaitoa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Nimeila miaka yote hiyo bila kuuliza jina lake la kweli. Kopo lipo, tupu, lakini harufu bado iko ndani. Ninalifungua mara chache, ili isiishe. Naomba mbegu ya mboga hiyo, niipande shambani kwa watoto.

Mimi mukwe wako,
Adalbert Mwepu


Mitwaba, tarehe 18 Desemba 1955

Mukwe wangu Adalbert,

Tunakusalimu. Mado iko muzuri, jino la mbele limetoka, amelitupa juu ya paa na bado anangoja lingine. Mahindi yameota. Mbuzi wa jirani walikula mistari miwili, tumegombana, tumepatana. Anayeandika ni Alphonse. Maneno ni yangu, mimi Kunda. Nimemwambia asiyapambe.

Barua yako nimeisikia. Sikukasirika. Wewe hukunitazama, mimi sikukutazama, hakuna haya iliyovunjwa.

Unamuomba mutoto. Nakuuliza: nani atamupikia? Mwanaume peke yake anapika chai. Unaniambia atakula kwa masomo. Atakula nini? Alphonse amenieleza saladi ni kitu gani. Hilo ni jani la kulishia sungura, tena sungura asiye na kazi. Mutoto hawezi kusoma na jani moja tumboni.

Lakini shamba ni kitu kizuri. Ninakutumia mafundo matatu ya mbegu ndani ya kitambaa kimoja. Fundo dogo ni lengalenga, mchicha wetu. La kati ni kunde. Kubwa ni maboga. Lengalenga usiifukie sana, imwage kama unamwaga chumvi. Kunde usizipande siku ya mvua kubwa, zitaoza. Majani ya maboga uyachume asubuhi, uyamenye nyuzi, watoto wako wa mjini hawajui, watayala na nyuzi zake na kukohoa.

Mbegu hazishukuriwi kwetu. Usiandike asante, hazitaota.

Mwezi wa tisa ni mbali.

Kunda


Elisabethville, tarehe 19 Februari 1956

Mama mukwe,

Ninakusalimu wewe na Mado. Leo ni mwaka mmoja. Asubuhi nilikwenda kwenye makaburi, nikang'oa majani, nikaweka maua ya manjano yale yanayoota kando ya reli. Nilirudi kwa miguu. Jumapili watu wanatembeleana, nilipita mbele ya nyumba nyingi zenye sauti.

Sasa habari za shamba. Karoti zimeota. Tulizing'oa watoto wakiwa wamesimama mstari, nikampa ya kwanza mvulana mmoja mjanja anayeitwa Mumba. Akaigeuza geuza.

"Mwalimu, hii iko kidole ya muzungu."

Kalasi nzima ikaanguka kwa kicheko, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuzila. Saladi zimeliwa na konokono, kwa hiyo wewe na konokono mna mawazo tofauti.

Kunde na maboga vimestawi. Mama mmoja, mama wa mwanafunzi wetu Martine, anakuja saa tano kuwasha moto na kusonga bukari. Wao ni watu wa Kasai. Ana maneno. Ananiambia, "Mwalimu, ninyi watu wa Katanga munapika mboga mpaka inaomba musamaha." Lakini anapika, na watoto wanakula, na mchana hakuna anayelala. Juzi kwa mara ya kwanza tulifika mwisho wa somo la hesabu kila mtu akiwa macho, pamoja na mimi.

Fundo dogo limetuchekesha. Nililimwaga kama chumvi, kama ulivyosema. Likaota kwa wingi, majani mapana, yenye manyoya, yanashika vidole. Tulisubiri lengalenga. Mama Martine akaja akainama, akavunja jani, akalinusa.

"Mwalimu, unafundisha batoto kuvuta?"

Ilikuwa tumbako, Mama. Tuta zima la tumbako, katikati ya masomo ya misheni. Na siku hiyo hiyo inspekta akaja. Akauliza mmea huu ni nini. Nikamjibu ni dawa ya wadudu, na hilo si uongo, tumbako inafukuza wadudu. Akafurahi akaandika. Mumba alikuwa anauma shati lake asicheke.

Nimeyaandika haya ili Alphonse awasomee wote, mcheke. Delphine alikuwa ananiambia mama yake anaijua kila mbegu hata kwa mlio wake ikianguka kwenye ungo.

Ulijibu yote, ila mboga ya mama hukuijibu. Pengine barua ilikuwa ndefu. Nauliza tena. Na kuhusu Mado pia ninangoja.

Adalbert


Elisabethville, tarehe 2 Aprili 1956

Mama mukwe,

Jana ilikuwa Pasaka. Salamu za Pasaka kwako na kwa mtoto. Kamio zinazoleta mizigo na barua toka Mitwaba zimefika mara nyingi tangu niandike. Ninakwenda kuuliza kila inapofika, mpaka dereva akiniona anatikisa kichwa kabla sijasema.

Kama nimekosa kwa kucheka, unisamehe. Tumbako tuliing'oa, ila mche mmoja niliuacha pembeni kwa sababu ulitoka mkononi mwako.

Mvua zinaelekea kwisha. Nyumba iko kimya. Naomba neno moja tu, kama Mado ni mzima.

Adalbert


Mitwaba, tarehe 6 Mei 1956

Mukwe wangu,

Mado ni muzima. Ana meno mawili mapya, makubwa kuliko uso. Sikujibu kwa sababu tulikuwa tunavuna. Halafu Alphonse alikwenda safari. Halafu nilikuwa sina neno.

Mutoto bado mudogo. Amezoea hapa. Ananichotea maji, ananichambulia maharage, tunakwenda shambani pamoja. Mwaka mmoja tena si kitu. Wewe ni mwalimu, watoto unao wengi.

Huyu mama wa Martine ni nani? Andika.

Kunda

Mimi Alphonse ninaongeza haya. Mama ameingia ndani kutafuta tumbako yake, ninaandika haraka. Mwalimu, macho yake yamefunikwa na kitu cheupe. Lilianza jicho la kulia kabla ya kilio, sasa ni yote mawili. Mwanga anauona, mtu hamwoni. Mado ndiye anayemwambia kila kitu, mbegu hii ni ipi, jiwe liko wapi njiani. Siku Mama alipokufungia yale mafundo mtoto alikuwa na homa amelala, Mama akafunga mwenyewe. Barua yako ya tumbako nilimsomea mbele ya watu kabla sijaelewa. Wote walicheka. Yeye aliinuka akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Amenikataza kukuandikia. Basi usijue.


Elisabethville, tarehe 27 Mei 1956

Mama mukwe,

Salamu kwako na kwa Mado. Baridi imeingia. Asubuhi watoto wanakuja na mikono ndani ya mashati, na ninawapeleka moja kwa moja kumwagilia maji ili wapate joto.

Umeuliza kuhusu mama wa Martine. Ana mume wa kazi ya treni na watoto sita, na ananiita "mwanangu" ijapokuwa tunalingana umri. Hakuna jambo. Nguo za Delphine bado ziko kwenye sanduku. Watu wa kanisani wameniletea majina mawili ya wanawake wazuri, nimewajibu kwamba ninafikiri. Sifikiri.

Kuhusu Mado, nimefikiri. Umesema kweli, bado mdogo. Abaki na wewe. Sitaliuliza tena.

Ila kama ingekupendeza, hapa Ruashi nyuma ya nyumba yangu nimeanza kujenga chumba kimoja cha matofali. Mlango wake unatazama upande mwingine, si upande wangu. Mtu akikaa humo na mimi nikipita mbele, hatutaonana, heshima itabaki ilivyo. Toka mlango huo mpaka shamba la masomo ni njia iliyonyooka, haina jiwe. Nimeiondolea mawe mwenyewe. Masomo yetu yanahitaji mtu anayejua mbegu. Mimi ninajua kuandika majina yake ubaoni tu.

Jana ndege kubwa ya uwanja wa Luano ilipita chini sana wakati watoto wanakula. Wote walitazama juu, mimi nikatazama sahani zao. Zilikuwa zimekwisha. Nilitamani kumwambia mtu. Nimekwambia wewe.

Adalbert


Mitwaba, tarehe 15 Julai 1956

Mukwe wangu Adalbert,

Nakusalimu, na Mado anakusalimu. Amekaa hapa karibu yangu na anasikia.

Alphonse anadhani nimepofuka na masikio pia. Siku ile nilikuwa ndani ninapapasa tumbako yangu, sijasema neno, na nikasikia kalamu inakwenda krr, krr, krr. Katekista anaandika nini wakati mwenye barua amenyamaza? Nilimwacha. Sasa anaona haya, uangalie mwandiko.

Basi, umejua. Na wewe umejifanya hujui, ukaondoa mawe kwenye njia. Nilisomewa hapo mara moja tu, nikamwambia Alphonse asirudie.

Sitakuja. Usihuzunike. Hapa ninajua kwa miguu. Ninajua wapi pana mzizi, wapi pana shimo la jirani mwenye mbuzi. Huko ningekuwa mtu wa kushikwa mkono toka asubuhi. Mke wa Alphonse atanipitia kila siku, amekubali. Na chumba chako ni kizuri, weka majembe ya watoto.

Sasa nikujibu ile mboga.

Mboga ya mama haina mbegu, mukwe wangu. Ni kunde. Zile zile za fundo la kati, ambazo unazo shambani na watoto wanazila kila siku. Ila ukizipika mbichi hazina ladha ile. Unachuma majani machanga tu, vidole viwili juu ya shina. Unayachemsha kidogo na maji yaliyochujwa kwenye majivu ya mabua ya maharage. Unakamua. Halafu unayazungusha mkononi, vidonge kama yai la njiwa, unayaanika juani mpaka yawe meusi. Kidonge kikiwa bado kinashika kiganja, bado. Kikianguka chenyewe, tayari.

Delphine alijua kuipika, kukausha hakujua. Kila alipojaribu huko mjini iliota ukungu. Kwa hiyo nilikausha mimi, kila mwaka, nikatuma kwa kamio, na yeye akaimwaga kwenye lile kopo lenu ili usijue imetoka wapi. Wewe ulikuwa bado hujalishwa. Mukwe hali chakula cha mama mukwe mpaka siku wanapomkaribisha na kumlisha rasmi, na siku yako ilisogezwa kila mwaka, mara safari, mara mimba, mara kazi. Delphine alinitumia neno: "Mama, akijua hatakula. Asipokula atakonda. Akikonda watasema mimi simupikii." Tulicheka sana, yeye huko na mimi huku.

Miaka tisa umekula kwa mkono wangu. Hukuvimba, hukuanguka. Umelishwa, mukwe wangu, bila ngoma.

Uliniuliza mara mbili na sikukujibu. Siri hiyo ilikuwa ya watu wawili, na mmoja amekufa. Nilitaka nibaki nayo kidogo.

Sasa sikia. Mado anakuja. Nimeongea naye, nimeongea na dereva. Wewe ulisema abaki, na hilo ndilo lililonifanya nimtoe. Mtoto wa mwalimu hawezi kuwa fimbo ya mwanamke mzee. Anakuja mwisho wa mwezi wa nane na vidonge vya mwaka huu, ndani ya kifuko shingoni, asiviache kwa mtu. Kukausha nimemfundisha. Sikumfundisha kwa macho, yangu hayafai. Nimemfundisha kwa mikono.

Usiandike asante.

Kunda


Elisabethville, tarehe 7 Oktoba 1956

Mama Kunda,

Mado alifika salama. Dereva alimshusha mbele ya nyumba, Mado akajificha nyuma ya mguu wake, akanitazama kwa jicho moja. Nilisahau salamu zote nilizokuwa nimetayarisha. Nikasema, "Una meno makubwa." Akasema, "Kambo ameshakuandikia." Halafu akaingia ndani, akaona sufuria juu ya meza, akauliza mama aliiacha lini.

Usiku wa kwanza alikuita. Wa pili pia. Nikakaa naye kizingitini, pale pale alipolala siku ile.

Vidonge tumevipika Jumapili yake. Nilitwanga karanga mwenyewe, Mado akikemea kwamba bado hazijalainika. Nilipoonja nilitoka nje kidogo. Alinifuata akauliza kama chumvi imezidi. Nikasema haikuzidi.

Sasa ninataka kukueleza la shambani, kisha uamue mwenyewe ucheke au usicheke.

Tulipanda kunde nyingine mwezi wa nane, za kumwagilia. Majani yalipokuwa tayari, nikamwambia Mado aonyeshe kalasi namna ya kukausha. Wenzake walikuwa wanamcheka kidogo, wanamwita "wa pori" kwa sababu ya maneno yake ya Mitwaba. Mumba akasema, "Mwalimu, huyu mudogo anafundisha, sisi tutamulipa na nini?" Mado akachuma vidole viwili juu ya shina, akachemsha na Mama Martine, akakamua. Akaketi na kuchukua konzi ya kwanza mkononi.

Kisha akafumba macho.

Watoto wakangoja. Yeye akazungusha, polepole, uso juu, macho yamefumbwa kabisa. Alipoona hakuna anayeanza akasema, bila kufumbua, "Mufumbe macho. Ukiangalia, haitakuwa nzuri."

Wakafumba, Mama. Kalasi nzima imeketi kwenye mavumbi, watoto thelathini na zaidi, nyuso juu, wanazungusha vidonge. Mumba naye. Mama Martine alikuwa amesimama na mwiko, akaanza kusema neno, akaniangalia, akaushusha. Hata kelele za barabarani sikuzisikia.

Mtoto amekuona ukifanya hivyo mwaka mzima na zaidi. Anadhani ndiyo kazi yenyewe. Mimi ni mwalimu, kazi yangu ni kusahihisha. Sikusahihisha. Niliketi pamoja nao, nikafumba macho, na nikajua kile ulichoandika: kikiwa bado kinashika kiganja, bado.

Viliota ukungu viwili tu. Vingine vyote vikauka vizuri. Watoto wamevila kwa bukari siku ya Ijumaa na hakuna aliyesema kidole cha mtu. Mama Martine aliomba kifundo apeleke kwao. Wanaviita "mboga ya Mado", nami nimewaambia jina lake la kweli.

Kwa dereva nakutumia fundo dogo. Ndani yake ni vidonge vya shamba letu, alivyovitengeneza Mado. Kuna kimoja kibaya, kimepinda, hicho ni changu. Ninajua kwamba mama mukwe hali kutoka kwa mukwe. Viweke tu, kama hutavila.

Chumba cha nyuma hakina majembe ndani. Kimefagiliwa.

Mado anasema umwambie mbuzi wa jirani kwamba atarudi wakati wa likizo.

Adalbert


Mitwaba, tarehe 25 Novemba 1956

Mwanangu Adalbert, na Mado,

Mvua imeanza. Mke wa Alphonse ananipitia, ni mtu mzuri, ana mwendo wa haraka. Mado alikuwa anatembea polepole, akinitajia kila kitu, hapa kipepeo, hapa kinyesi cha mbuzi. Huyu ananitajia mashimo tu.

Barua yako nimesomewa. Pale pa watoto kufumba macho, Alphonse aliweka karatasi chini katikati, ikabidi nimwambie aendelee. Usimsahihishe mutoto. Atakua, atajua mwenyewe, na siku hiyo atakuwa ameshajua kukausha.

Fundo limefika. Nilikaa nalo siku mbili mapajani. Nilikitafuta kile kilichopinda, nikakipata mara moja. Nilikipika peke yake, na karanga, jioni, nikafunga mlango mbuzi wasiingie.

Majivu yalizidi kidogo. Mwakani mpunguze.

Nyumba iko kimya sasa, na wewe unakijua kimya hicho, sina haja ya kukueleza. Saa sita mchana ninasimamisha kazi yangu. Ninajua kwamba wakati huo huko mnasonga bukari, na Mado ameketi na wenzake. Nami ninakaa.

Mnapofungua lile kopo, nikumbukeni.

Kunda